Upanga wa Gunia la Mchele

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii niliikariri katika shule hii hii, nikaitungia sentensi, nikapigiwa alama ya vyema kwa wino mwekundu. Lakini maana yake hasa sikuijua hadi mwaka 1997, ndani ya duka moja la vitu vya kale mjini Manila, nilipotoa mshahara wa mwezi mmoja na nusu nikanunua upanga.

Mlezi wa chama ameniomba niwaandikie juu ya uraibu wangu. Uraibu wenyewe ni kukusanya na kutambua silaha za kale za Ufilipino, hasa za wakati wa utawala wa Wahispania. Najua mtauliza: mtoto wa Likoni na silaha za Ufilipino, wapi na wapi? Jibu ni fupi. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda baharini, nikawa mpaka mafuta katika chumba cha injini. Melini tulikuwa watu ishirini na wawili, na kumi na wanne kati yetu walikuwa Wafilipino. Ukila nao, ukacheka nao, ukawasikiliza wakiimba usiku (na wanaimba kweli, si mchezo), siku moja utatamani kujua kwao kukoje.

Basi turudi dukani. Upanga wenyewe ulikuwa kris, silaha ya Waislamu wa kusini ambao Wahispania waliwaita Wamoro. Bapa lake lilikuwa na mawimbi kama nyoka atambaaye. Kichwa cha mpini kilichongwa mfano wa kasuku mwenye kishungi. Ala ilipachikwa vipande vya gamba la chaza, ikimetameta kama bibi harusi. Muuzaji alinishika bega, akaninong'oneza ati upanga ule ulitwaliwa kwa mkuu mmoja wa Jolo, mwaka 1876, Wahispania walipouteka mji huo. Mji ulitekwa mwaka huo kweli. Ndiyo maana uongo wake ulikuwa mtamu: aliuchovya katika ukweli.

Pesa zile hazikuwa zangu peke yangu. Nyumbani mama alikuwa akingoja nitume za mabati. Nilimwandikia barua kwamba mshahara umechelewa. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika habari hii, na bahati mbaya haukuwa wa mwisho.

Serahangi wetu alikuwa mtu wa Zamboanga, Mwislamu, mzee wa maneno machache. Kwa kuwa tulikuwa tukisalimiana kwa salamu ya dini, alinipenda. Nikampelekea kris yangu jikoni nikiwa nimefura kama jogoo. Akaichomoa alani, akaitazama kidogo tu, kisha akacheka mpaka akakalia gunia la viazi.

"Wewe Mombasa," akaniambia, "huyu mkuu wa Jolo alikuwa na gari aina ya jipu?"

Nikapigwa na butwaa. Akaanza kunionyesha, na somo lile la nusu saa ndilo lililonifanya mkusanyaji.

Kris ya Wamoro hupanuka karibu na mpini, na sehemu hiyo pana huitwa gangya. Katika kris za zamani gangya ilikuwa kipande mbali cha chuma kilichounganishwa na bapa, na maungio yake huonekana kama mstari mwembamba. Kwa kawaida, mstari ukikata moja kwa moja, kris hiyo huenda ikawa ya karne ya 18 au kabla yake. Ukipinda mshazari kuelekea ukingoni, ni ya karne ya 19 au mwanzo wa ile ya 20. Baada ya miaka ya 1930 wahunzi wengi waliacha kuunganisha, wakawa wanachora mstari wa kuigiza. Wangu ulikuwa wa kuchora. Hata haukufika upande wa pili! Baadaye nilikuta kanuni hiyo hiyo katika kitabu cha Robert Cato kuhusu panga za Wamoro, kilichotoka mwaka 1996, lakini mwalimu wangu wa kwanza alikuwa amekalia viazi.

Kisha akagonga kwa ukucha pete ya chuma iliyozunguka shingo ya mpini. "Fedha?" akauliza. "Fedha," nikajibu, maana ndivyo nilivyoambiwa. Ilikuwa alumini. Sasa fikiri, msomaji. Njia ya kuzalisha alumini kwa bei nafuu ilipatikana mwaka 1886, na kabla ya hapo madini hayo yalikuwa ya fahari ya wafalme. Mkuu wa Jolo angeipata wapi mwaka 1876? Pete za fedha ndizo za zamani. Alumini nyingi iliingia mikononi mwa mafundi katika karne ya 20, hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili, ilipookotwa katika mabaki ya ndege.

Mwisho akachukua kalamansi, ndimu ndogo za kwao, akakamulia maji yake juu ya bapa lililopanguswa mafuta. Tukangoja. Chuma cha mhunzi wa kale kilikunjwa na kufuliwa kwa tabaka, laini na ngumu pamoja, na asidi ikikigusa tabaka hizo hujitokeza kama mistari ya mti uliopasuliwa. Changu kiligeuka kijivu kitupu, sawasawa kote, kama sufuria. Lilikuwa bamba la springi ya gari. Baada ya 1945 magari ya kijeshi ya Wamarekani yaliachwa kila mahali visiwani, na wahunzi wakapata chuma kizuri cha bure. Hata leo wanatumia springi, kama wanavyofanya wahunzi wa kwetu. Si chuma kibaya. Ila si cha 1876.

Kris ile ninayo mpaka leo. Nimeibandika karatasi: "Ya kuigiza, baada ya 1945. Bei: mabati ishirini."

Ukupigao ndio ukufunzao. Tangu siku hiyo kila bandari ya Ufilipino tuliyotia nanga nilishuka na kalamu na daftari, na kitu cha kwanza kilichonitoa jasho ni majina. Wahispania na Wamarekani waliita kila panga "bolo," wakamaliza. Wenyeji hawasemi hivyo. Mtagalogi atakuambia ni itak. Mwilokano atasema buneng. Kule Iloilo ni binangon. Cebu ni sundang, lakini ukilitaja neno hilo kwa mtu wa kusini, atakuletea upanga wa mawimbi kama ule ulionifilisi. Kwa hiyo jina peke yake halikupeleki popote. Uliza kwanza: limesemwa wapi, na nani?

Kwa hiyo nikajifunza kutazama maumbo. Barong ya Sulu ina bapa fupi pana mfano wa jani, na mgongo mnene. Kampilani ni ndefu, hupanuka kuelekea nchani, na mpini wake ni kama kinywa kilichoachama. Visiwa vya Visayas vina talibong, lenye tumbo la mviringo na mpini wa pembe uliochongwa kichwa cha mnyama wa kutisha. Ukilipapasa talibong la Panay, mara nyingi utakuta upande mmoja ni bapa tupu na makali yamenolewa upande mmoja tu, kama patasi ya seremala. Kidole chako kitakuambia kabla ya jicho.

Na Wahispania je? Legazpi alifika Cebu mwaka 1565, akaitwaa Manila 1571, na bendera yao ikakaa hadi 1898: miaka 333. Visiwa vikapewa jina la mfalme wao Felipe wa Pili. Nilipong'amua hilo nilistaajabu, kwa sababu ni mfalme huyo huyo aliyekuwa akitawala Ureno pia wakati Fort Jesus yetu ilipoanza kujengwa mwaka 1593. Mtoto wa Likoni na Ufilipino, kumbe tulikuwa na bwana mmoja!

Alama zao katika silaha zipo. Mapanga ya Luzon ya mwisho wa karne ya 19 yana vikingio vya mkono vilivyoigwa kwenye panga za maofisa, vingine vya umbo la herufi S, vingine vya kuzungusha vidole. Mara nyingine utakuta bapa limepigwa muhuri wa kiwanda cha silaha cha Toledo, pamoja na mwaka. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mwaka ule ni umri wa chuma. Fundi wa Batangas angeweza kulivunja bapa la Toledo na kulitia mpini miaka thelathini baadaye. Muhuri unakuambia silaha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo, basi.

Maandishi nayo hudanganya. Ukiona neno "Recuerdo", yaani kumbukumbu, usikimbilie kusema ni la enzi ya Wahispania. Kihispania kilibaki lugha rasmi kule miaka mingi baada ya wenyewe kuondoka. Nimeonyeshwa jambia lenye herufi KKK, za Katipunan, chama cha siri kilichoasisiwa na Andres Bonifacio na wenzake mwaka 1892 na kuanza vita vya uhuru Agosti 1896. Herufi zenyewe zilikuwa na makali mapya, ilhali jambia limeliwa na kutu. Kutu haiogopi herufi, jamani. Kama kitu kimoja kimezeeka na kingine hakijazeeka, basi havikuzaliwa siku moja.

Silaha za kweli nyingi hazipo hata huko kwao. Kwa mkataba wa Paris wa tarehe 10 Desemba 1898 Hispania iliwauzia Wamarekani visiwa vyote kwa dola milioni 20, na vita vilivyofuata viliwawezesha askari wa Kimarekani kubeba silaha kwa mafungu. Taasisi ya Smithsonian ilikuwa nazo nyingi hata Herbert Krieger akazichapishia kitabu kizima mwaka 1926. Picha zake bado ni msaada mkubwa, kwa sababu kilichopigwa picha 1926 hakiwezi kuwa kimetengenezwa kwa springi ya jipu la 1945.

Sasa nifike Iloilo, ambako sikupenda kufika.

Mwaka 2001 meli yetu ilikaa huko siku tisa ikingoja vipuri. Mpishi wetu alikuwa mtu wa huko. Alinizidi miaka kumi nami nikimwita Kuya, ndiyo kaka mkubwa kwa lugha yao. Akanichukua kijijini kwa shangazi yake aliyemlea. Tukala samaki, tukala wali. Kuya akanywa tuba, ambayo ni mnazi wetu kabisa, rangi tu tofauti, kisha akalala fofofo kwenye kiti. Shangazi, ambaye kila mtu alimwita Tiya, akanikaribisha jikoni. Aliniita "Toto", nikanuna kidogo. Mtu mzima mimi, toto? Kumbe kwao kijana wa kiume ndivyo aitwavyo kwa upendo.

Alikuwa akipasua nazi. Nikalitazama panga mkononi mwake, roho ikanipaa.

Mpini ulikuwa wa pembe nyeusi ya nyati wa maji, umesinyaa ukaachana na ulimbo ulioushika, ukiwa na kichwa cha mnyama aliyeachama kinywa. Pua yake ilikuwa imelainika kwa viganja vya miaka na miaka. Bapa lilinolewa upande mmoja. Lilikuwa limenolewa mara nyingi hata tumbo likapungua. Ukutani ilining'inia ala yake, mbao mbili zilizofungwa kwa henzirani, hakuna bati, hakuna msumari wa dukani. Nikaomba nilishike. Penye makali palipochakaa, maji ya nazi yalikuwa yameshafanya kazi ya kalamansi: mistari ya tabaka ilionekana wazi.

Nikauliza kwa ishara na Kiingereza cha kuvunjavunja kama angeniuzia. Tiya akacheka. Binangon hili bovu? Nikamwambia nalipenda tu, la kumkumbuka. Akataja bei, nami nikaizidisha kidogo ili nijione mkarimu. Jumla yake ilikuwa bei ya gunia moja la mchele.

Sikumwambia lilikuwa kitu gani. Kuya alipoamka aliniona nalo, akasema nina wazimu, angeninunulia jipya sokoni kwa nusu ya pesa zile. Hata yeye sikumwambia. Yule muuzaji wa Manila nilimlaani miaka minne nzima kwa kujua na kuninyamazia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilijipa sababu: mama wa watu ameridhika, panga lingeishia kwenye kutu, mimi nitalitunza. Sababu hazimwishi mtu aliyekwisha kutwaa.

Likakaa kwangu miaka, limepakwa mafuta mepesi, halijaguswa na msasa (na nyinyi msiguse kitu cha kale kwa msasa, mtakuwa mmefuta ushahidi). Karatasi yake niliiandika: "Talibong. Panay. Mwisho wa karne ya 19. Limenunuliwa." Nikalitazama kila nikirudi likizo.

Mwaka 2004 tulitia nanga Valencia, nikapata ruhusa ya siku mbili, nikapanda treni hadi Madrid. Karibu na stesheni ya Atocha kuna Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia. Huko kuna vitu vilivyopelekwa kwa Maonyesho ya Ufilipino ya mwaka 1887, yaliyofanyika katika bustani ya Retiro. Watu nao walisafirishwa kuonyeshwa, na baadhi yao wakafa huko huko. Kwa mkusanyaji, kitu chenye tarehe ya kuingia makumbusho ni kama mtu mwenye cheti cha kuzaliwa: unajua hakika hakikuzaliwa baadaye. Na pale, nyuma ya kioo, nikakutana na ndugu wa panga la Tiya. Kichwa kile kile. Kinywa kile kile.

Furaha iliyonipata siwezi kuieleza, lakini haikudumu. Nilisoma kibao chake. Kilitaja visiwa na silaha, basi. Hakikutaja mtu. Nikasimama pale nikijiuliza alikuwa mkulima, alikuwa mwizi, alikuwa mvuvi? Ndipo nikakumbuka karatasi yangu mwenyewe. Nami sikujua. Sikumuuliza Tiya panga lilikuwa la nani, kwa maana ningeuliza angejua kwamba lina thamani. Nilikaa jikoni na mtu pekee duniani aliyejua habari zake, nikafunga mdomo ili nipunguziwe bei.

Nilipopangiwa tena meli moja na Kuya, mwaka 2006, nilimweleza yote. Alikuwa akimenya vitunguu. Hakusema neno. Kwa wiki mbili nilipakuliwa ukoko. Wenzangu wali mweupe, mimi ukoko, naye akinitazama usoni. Wiki ya tatu akanipa wali, akauliza, "Utalirudisha lini?"

Tulikwenda pamoja 2007, baada ya nahodha kulifungia panga kabatini safari nzima na kuliandika kwenye vitabu vya meli. Siku hizi hata kulitoa tu nchini kungekuwa kesi nyingine: sheria yao nambari 10066 ya mwaka 2009 inadai kibali kwa mali ya urithi, na ni haki yao. Atakayevutiwa na kazi hii aanze hapo.

Tiya alikuwa amezeeka. Nilimweleza kupitia kwa Kuya, nikiona haya kumtazama. Alilipokea panga, akalipima mkononi kama mtu anayepokea mtoto aliyenenepa ugenini, kisha akaanza kueleza bila kuulizwa. Lilikuwa la babu yake. Babu alivuka kwenda kisiwa cha Negros kukata miwa, kama walivyofanya watu wengi wa Panay. Alikuwako Novemba 1898 watu walipoinuka dhidi ya Wahispania. Hilo ni jambo linalojulikana: hawakuwa na bunduki za kutosha, wakachonga za uongo kwa makuti, wakakunja mikeka ya mianzi ikawa mizinga, wakaandamana hadi Bacolod na mapanga yao. Wahispania walitazama kwa mbali, wakaona jeshi kubwa lenye silaha, wakasalimu amri tarehe 6. Silaha za kuigiza ziliuteka mji! Niliposikia nilicheka, nikaikumbuka kris yangu kwa heshima kidogo.

Je, babu alikuwako kweli na panga lile? Chuma hakisemi hivyo wala hakikatai. Umbo na umri vinakubali. Tiya hakuwa akiuza kitu, na hilo nililipa uzito. Niliandika kila neno, na jina la babu, katika daftari mbili. Moja nikamwachia Kuya.

Nikamwambia Tiya aniruhusu nisidai chochote. Yeye tayari alikuwa ameshakunja uso.

"Kudai nini, Toto?" akasema. "Mchele umeshaliwa."

Kisha akaokota nazi. Kuya akaruka kumzuia, akimweleza kwamba hicho sasa ni kitu cha makumbusho. Tiya alimsikiliza mpaka mwisho, akaigeuza nazi kidogo mkononi, akaipiga mara moja tu. Ikapasuka katikati.